Usaili si Usahili

Ujumbe ulimfikia mwanangu siku ya Ijumaa jioni: afike Kisarawe Jumatatu, saa tatu kamili asubuhi, "kwa ajili ya usahili". Tulikuwa barazani, hapa Mailimoja, Kibaha. Alinipa simu niusome mwenyewe, uso wake ukimeremeta. Nami, kwa mazoea ya kalamu nyekundu, nikaiona ile herufi h kabla sijaiona furaha yake.

"Wameandika usahili," nikamwambia. "Walikusudia usaili."

Akacheka. "Baba Mkubwa, wakinipa kazi nitawasahihishia."

Wasomaji wa ukurasa huu hawahitaji somo refu. Usaili unatokana na kusaili, yaani kuuliza kwa makini ili kujua. Ni ndugu wa swali na suala, maneno yaliyotufikia kutoka Kiarabu. Usahili ni hali ya kuwa sahili, ule wepesi usio na mikunjo. Sisi wa sarufi tunaijua sentensi sahili, yenye kishazi huru kimoja. Siku ile nililichukulia kosa lile kuwa la kidole kilichoteleza.

Binti huyu ni mtoto wa marehemu mdogo wangu. Amesomea uhandisi wa maji, na amekwisha kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 1997. Neno mhandisi nalo lina nasaba nzuri: Waarabu walilipata kutoka katika neno la Kiajemi lenye maana ya kipimo. Mhandisi, kwa asili ya jina lake, ni mtu wa kupima. Nilimsindikiza kwa sababu hakuwahi kufika Kisarawe, na kwa sababu baba yake, angekuwa hai, angemsindikiza.

Kibaha na Kisarawe zote ni Mkoa wa Pwani, lakini abiria wa daladala hulazimika kutoka mkoani na kuingia Dar es Salaam ndipo arudi tena mkoani kwake. Tuliondoka alfajiri, tukapita Mbezi, tukabadilisha magari, tukashika njia ya Gongo la Mboto na Pugu. Njiani alinieleza kwamba maji yanayosafishwa Ruvu Juu, kule Mlandizi, hufika Kibamba, na tangu mwaka 2020 hupandishwa kwa bomba hadi Kisarawe. Nikamtania kwamba maji yana njia fupi kuliko sisi.

Saa mbili na nusu tulikuwa langoni. Saa tatu ikapita, saa tano ikapita, adhuhuri ikaadhiniwa. Vijana wanane, wote katika nguo zao za heshima, walikaa kwenye benchi moja, na hakuna aliyetoka kuwaambia neno. Mwanangu aliitwa saa nane kasorobo. Benchi lilikuwa chini ya dirisha lililo wazi. Sikutega sikio, wala sikuliziba.

Swali la kwanza: "Umeolewa?" La pili: "Nani amekuelekeza hapa?" Akajibu kwamba aliona tangazo. Pakawa kimya kidogo, kama kwamba jibu hilo lilikuwa na kasoro.

La tatu ndilo lililokuwa swali. Waliuliza kwa nini bomba linalopandisha maji mlimani hupasuka umeme ukikatika. Alianza kwa Kiingereza. Mmoja wao akamkatiza na kusema hajaelewa, basi akageukia Kiswahili. Akasema kwamba pampu ikisimama ghafla, safu ya maji iliyokuwa ikipanda haisimami papo hapo. Huendelea kidogo kwa kasi iliyokuwa nayo, kisha hurudi nyuma na kuipiga vali iliyokwisha kufungwa. Pigo hilo husafiri ndani ya bomba la chuma kwa kasi inayokaribia mita 1,000 kwa sekunde. Akamtaja Mrusi Joukowsky, aliyechapisha matokeo ya majaribio yake ya Moscow mwaka 1898. Akataja dawa yake: vali zinazofunga polepole na matangi ya hewa ya kulipokea pigo.

"Hapa si shule ya msingi," ikasema sauti. "Tumia Kiingereza."

Simu ikalia. Mmoja akaipokea na kuanza kujadili bei ya mabati. Mwingine, bila kushusha sauti, akamuuliza mwenzake: "Nafasi hii si tuliimaliza wiki iliyopita?" Akajibiwa: "Tuliimaliza, lakini lazima jalada likamilike." Haya yalisemwa mbele ya mtu aliyekuwa amekaa kitini, mikono juu ya magoti, akisubiri swali la nne. Hakuulizwa la nne. Dakika zote hazikufika kumi.

Hakulia. Tulipofika Pugu ndipo aliponiuliza: "Baba Mkubwa, jibu langu lilikuwa sahihi?"

Swali hilo liliniuma kuliko yote niliyoyasikia dirishani. Kazi aliikosa, na kukosa kazi ni jambo la dunia. Ila alikuwa amepima, kama jina lake linavyomtaka, na hakuna aliyejishughulisha kukisoma kipimo. Nilimwambia kwamba siwezi kuhukumu hesabu zake, lakini mimi, mzee wa ngeli na vina, nimefahamu kwa nini bomba hupasuka. Akatikisa kichwa, akatazama nje.

Hasira yangu ilidumu hadi Mbezi, kisha ikanirudia mwenyewe. Katika shule niliyoanzia kazi, mwanafunzi aliyesikika akisema Kiswahili nje ya kipindi changu alivishwa shingoni kipande cha mbao chenye kamba, akatembea nacho hadi ampate mkosaji mwingine. Mimi, mwalimu wa Kiswahili, niliifunga kamba hiyo kwa mikono yangu wiki ya zamu yangu ilipofika. Yule aliyesema "hapa si shule ya msingi" alikuwa na umri wa kuweza kuwa mwanafunzi wangu. Huenda alikuwa akinirudishia somo nililomfundisha: kwamba anayefahamisha kwa Kiswahili ana kosa la kujitetea. Tangu mwaka 2021 sheria yetu imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Mtu anaweza kuhukumiwa maisha yake kwa lugha hii, lakini bado tunaona haya kumsikiliza mhandisi akiitumia kueleza bomba.

Wapo wanaopenda neno mahojiano kuliko usaili, nami sasa ninawaelewa. Ndani yake mna hoja, na mna kile kiambishi -an- tunachowafundisha watoto kuwa ni cha kutendana. Hakuna ahojianaye peke yake. Washairi wanalijua hili zaidi ya watu wengine: katika kujibizana, anayejibu huchukua hoja ya mwenzake, na mara nyingi vina vyake pia, na hawezi kuvichukua kama hakumsikiliza. Waliomwita mwanangu walitaka saini yake kwenye karatasi ya mahudhurio. Basi wale walioandika usahili hawakukosea. Walimwita kwenye jambo jepesi, nao wakalifanya kwa wepesi.

Mwanangu amekwisha kutuma maombi kwingine. Mimi nimemwandikia ubeti huu, ambao aliusoma mara mbili akaukunja na kuuweka ndani ya bahasha ya vyeti vyake:

Msaili akihoji, sikio hututegea,
Hapuuzi msemaji, neno akimtolea,
Ajira si ulipaji, wa deni la mazoea,
Kiti akipewa jaji, haki humsubiria.