Landrover ya Babu, Staa wa Dar na Sindano Iliyogoma Kupanda

Staa ni mkubwa, jina kapuni. Ukimtaja hapa, watu wataacha kusoma habari waanze kugombana kuhusu ex wake. Mwaka jana timu yake ilikuwa inasaka gari la zamani kwa ajili ya video mpya. Hawakutaka Benzi ya kukodi Masaki ambayo kila msanii ameshailalia boneti, walitaka chuma chenye vumbi lake halisi. Meneja katika kuperuzi TikTok usiku akakutana na klipu ya dogo mmoja wa Mbalibali, kule Mara, anafuta boneti ya Landrover 109 huku kuku watatu wanatoka mbio chini ya siti ya nyuma.

Kuku ndio waliouza ile klipu, tuseme ukweli. Meneja akaingia DM siku hiyo hiyo: laki nane kwa siku moja ya kushuti, staa mwenyewe anaendesha, kamera inakaa ndani pembeni yake. Sharti moja tu. Katikati ya dashibodi kulikuwa na bati jeusi lenye kutu limeziba mashimo mawili, na director alisema lile bati linaua picha. "Weka geji pale bro, hata za kuzugia."

Dogo ana miaka 24, anasaidia kwenye gereji moja Mugumu. Laki nane kwake si hela ya mchezo. Gari lenyewe ni la babu yake, ambaye alikuwa dereva wa serikali enzi hizo na alilinunua kwenye mnada lilipochoka. Ni Series III, zile zilizotengenezwa kuanzia 1971 mpaka 1985. Kama huzijui, angalia dashibodi: Series II saa zake zipo katikati, Series III zimehamia mbele ya dereva. Saa kubwa mbili, moja ya spidi, nyingine imebeba mafuta na joto la maji kwa pamoja. Presha ya oili hakuna. Kuna kitaa tu. Ukitaka geji ya oili na ya umeme ulikuwa unalipia ziada, na serikali haikuwa na muda wa kulipia ziada.

Basi dogo akafanya ambacho vijana wengi wangefanya. Akaagiza geji za Kichina mtandaoni, zinawaka bluu kama simu, akazipachika, akapiga picha. Zilikaa pale kama bibi wa miaka themanini amevalishwa jinzi ya kuchanika.

Aliyemwokoa ni mzee mmoja dereva wa watalii, mtu wa Landrover tangu ujana. Alichungulia dirishani, akacheka mpaka akashika mlango. Akamwambia, "Kijana, hilo gari lina rika lake. Mtafutie mwenzake wa rika." Maana yake: geji za Smiths, za Mwingereza, uso mweusi, maandishi meupe, na namba ndogo ndogo chini ya uso ambazo wajuzi huzisoma kuhakikisha hujawekewa ya traktari.

Usidhani ni wazimu wa Mbalibali peke yake. Marekani wenye Chevrolet na Ford za miaka ya 1960 wanaumwa ugonjwa huo huo. Mtu atakaa miezi anatafuta geji ya Stewart-Warner au tachometa ya Sun ya miaka ile ile, kwa sababu gari la 1965 likivaa geji ya 1985 wenzake watamcheka kwenye maonyesho. Na hapa kwetu walioiona Arusha ya Oktoba 2024, siku ya tamasha la Land Rover, wanajua kwamba hizi gari zina dini yake.

Gerezani, Dar, mtu alipigiwa simu akasema hana. Zikapatikana Nairobi, Kirinyaga Road, ile ambayo wazee bado wanaiita Grogan. Kenya walikuwa wanaunganisha Land Rover pale Thika, kwa hiyo spea za zamani hazijaisha kabisa. Geji ya oili na ya umeme zikapanda basi mpaka mpakani, dogo akazipokea Sirari zimefungwa kwenye soksi ya mtoto. Ameuza simu yake kuzilipa. Akabaki na kitochi.

Kufunga kulichukua jioni tatu, na babu alikuwa anakaa pembeni kwenye kigoda bila kusema kitu. Dogo alidhani anafurahi.

Ya umeme ilikuwa rahisi. Mzee wa watalii alishamkataza kununua ameta, kwa sababu ameta inataka umeme karibu wote wa gari upite ndani yake, na waya za babu zilikuwa zimeshaungwa na selotepu mara nyingi kuliko suruali ya shule. Voltimita inachungulia tu. Waya mbili, kitaa kidogo cha usiku, kazi imeisha.

Ya oili ndiyo ilikuwa shughuli. Ile haitumii umeme kabisa. Kuna bomba jembamba linatoka kwenye injini, linaleta oili yenyewe mpaka nyuma ya geji. Ndani ya geji kuna kijibomba kimepinda kama mundu. Oili ikisukuma, ule mundu unajaribu kunyooka, na kule kunyooka ndiko kunakosogeza sindano. Hakuna betri, hakuna programu. Ni oili inasema yenyewe ina nguvu kiasi gani.

Ili kitaa cha zamani kibaki na geji iingie, unafunga T pale kwenye swichi ya oili. T ya kwanza ilitoka duka la bomba. Ikaingia mizunguko miwili ikakaza. Dogo akaongeza spana, ikalia, ikaingia, injini ilipowashwa ikaanza kutema. Kumbe thredi za Mwingereza za saizi ile ni 28 kwa inchi moja na za Mmarekani ni 27. Kwa macho ni mapacha. Ukizilazimisha zinaoana kama ndoa ya kulazimishwa. T sahihi ilichongwa na fundi wa lathe kwa elfu kumi na tano.

Bomba nalo lilitoka la plastiki, akalikataa, hapo apewe maua yake. Plastiki ikigusa eksozi inayeyuka, oili inamwagikia chuma cha moto, na gari linakuwa jiko la mkaa. Akaweka la shaba, akalizungusha mara mbili kama spring karibu na injini ili mtikisiko usilikate.

Jioni ya tatu akapiga stata. Injini ya baridi, sindano ikaruka mpaka 55. Watoto wa jirani wakapiga makofi. Akarekodi kwa simu ya shangazi, akamtumia meneja, meneja akarudisha moto tano na neno moja: "CINEMA."

Asubuhi akaenda Mugumu na kurudi ili ajiridhishe. Kitabu cha gari kinasema injini ikishapata moto, ukitembea maili 30 kwa saa gia ya nne, presha inatakiwa iwe kati ya 35 na 65. Wakati wa kurudi sindano ilikuwa 18. Aliposimama kupisha ng'ombe, injini ikiwa saileni, ikalala chini kabisa, imegusa kipini cha sifuri.

Kwanza akailaumu geji. Ni ya mtumba, imetoka kwenye soksi. Akaazima geji ya kupimia ya fundi wa malori, akaifunga mahali pale pale: 18. Akamwaga oili, akaweka 20W-50 mpya: 20. Ndipo akili ikamjia, kwamba kama presha inalala hivi, kitaa cha oili kilitakiwa kuwa kinawaka muda mrefu sana. Mbona hakijawahi kuwaka?

Akalala chali chini ya dashibodi na tochi. Waya wa kitaa ulikuwa umekatwa. Umekatwa vizuri, kwa koleo, ncha zimefungwa kitambaa, na kitambaa chenyewe kimeshakuwa cha kahawia kwa umri.

"Babu, huu waya nani aliukata?"

Babu akakaa kimya kidogo. "Mimi, mura."

Hapo inabidi uijue familia. Kuna baba wadogo wawili, mmoja yuko Mwanza, mwingine jina kapuni pia kwa sababu ana blue tick. Miaka kadhaa nyuma babu alipolazwa, hawa wawili walikuja na mnunuzi wa chuma chakavu, wakapima gari kwa macho, wakakubaliana bei uani huku mwenye gari yuko wodini. Bibi ndiye aliyewafukuza na mwiko. Babu aliporudi akasema gari ni zima, halina tatizo, likipata dereva linafika Musoma. Na kitaa kilikuwa kinawaka tayari. Alijua ni beringi, aliisikia injini inavyogonga ikipata moto. Hela ya ovaholi hakuwa nayo. Kwa hiyo akakata waya, ili mtoto wake yeyote akikaa kwenye ile siti asione taa nyekundu akapata sababu.

Hata mjukuu hakuambiwa. Mjukuu ambaye ameuza simu.

Sasa ilikuwa Alhamisi na timu ya Dar inafika Jumamosi. Washkaji wa gereji wakamshauri: nyamaza, kula laki nane yako, likinoki mikononi mwa staa utasema yeye ndiye aliyelikanyaga. Staa ana hela, atanyamaza kuepusha kiki mbaya. Kuna aliyesema achomoe lile bomba, aigandishe sindano kwenye 50 na gundi. Kwa kamera hakuna atakayejua.

Dogo akampigia meneja kwa kitochi. Akamwambia injini imekwisha, ikiendeshwa nusu saa inaweza kushika. Meneja alitukana sana, kwa Kiswahili cha Sinza, mpaka salio likakata. Saa mbili usiku akapiga tena, amepoa: director anasema gari lazima, ila bei ni laki tatu, na injini haitawashwa.

Kwa hiyo ukiiangalia ile video, pale staa anashuka kilima mkono mmoja nje, upepo kwenye rasta, machozi ya mapenzi, jua linazama, jua kwamba gari halijawashwa. Nyuma kuna vijana sita wa Mbalibali wanasukuma na kuachia. Dakika ya pili na kitu kamera inapita kwenye dashibodi: geji ya Smiths imetulia, sindano imelala sifuri. Mashabiki wanauliza bei ya koti.

Laki tatu ilitosha kufungua sampo. Beringi zilikuwa zimelika mpaka shaba inaonekana, pampu ikakutwa nzima. Krankshafti imepelekwa Mwanza kuchongwa, na imefikia kwa yule baba mdogo wa kule, kwa sababu hakuna ndugu mwingine mjini. Babu alimpigia mwenyewe, akamweleza yote, pamoja na waya. Inasemekana simu ilikuwa kimya muda mrefu, halafu baba mdogo akauliza kuchonga ni shilingi ngapi.

Babu naye ameshashika koleo tena. Ameunga waya wa kitaa, akakalia kigoda chake pembeni ya gari lisilo na injini, akawasha swichi kuona kama kinawaka.