Mashavu yaliyoingia ndani

Juma hili tunaandika juu ya uso, na tunaomba musicheke.

Katika kikundi chetu cha likelemba kuna wamama waliokunywa dawa za SIDA tangu zamani, wakati ndani ya kidonge mulikuwa stavudini. Dawa ile iliwaokoa, wakalea watoto ambao leo tunawafundisha darasani. Lakini ilimaliza mafuta ya uso: mashavu yakaingia ndani, mifupa ikatokea. Mama akipita sokoni, watu wanajua bila kuambiwa. Mwaka 2009 OMS ilishauri nchi ziiache. Mafuta yale hurudi polepole, na mara nyingi hayarudi yote.

Ndiyo maana mmoja wetu, aliposikia saluni kwamba kuna sindano ya kujaza mashavu, alitaka zamu yake ya likelemba ilipe. Tukasoma, tukauliza na munganga.

Sindano hizo zipo kweli. Mwaka 2004 Marekani ilikubali moja, Sculptra, kwa ajili ya mashavu ya wagonjwa wa SIDA hasa. Hudungwa mara kadhaa, na uso hujaa polepole. Nyingine ni ya asidi ya hayaluroniki: hujaza siku ileile, kisha huisha yenyewe, mara nyingi kati ya miezi 6 na 18. Ikikaa vibaya, munganga ana dawa ya kuiyeyusha. Lakini hata hizo, zikiingia ndani ya mshipa wa damu, zinaweza kuua ngozi au kupofusha jicho. Zinataka mikono ya munganga aliyejifunza mishipa ya uso.

Chupa ya saluni haikuwa na jina. Katika nchi nyingi chupa za namna hiyo zimekutwa na silikoni ya maji. Hiyo haiyeyuki; inaweza kuhama, ikaleta uvimbe hata baada ya miaka, na kuitoa ni kupasua. Tena sindano moja kwa watu wawili huleta homa ya ini na SIDA yenyewe.

Tulimwambia asitoe pesa yake pale, na vidonge asiviache hata siku moja kwa sababu ya uso. Kama bado ni vya zamani, munganga atamubadilishia. Akatujibu: "Ninyi mungali na mashavu." Tulinyamaza, maana ni kweli.

Zamu yake aliichukua kwa masomo ya binti yake. Sindano hajaisahau. Anasema siku munganga wa kweli wa kazi hiyo atakapofika mjini kwetu, tumuambie yeye wa kwanza.