Jumba la Ukoo Mjini Kasese

Huko Uskochi, katika kasri la Glamis, ukoo mmoja umekaa tangu mwaka 1372. Ni jumba la mawe lenye minara, na mgeni alipaye kiingilio huonyeshwa picha za mababu na vyumba walimoishi. Humo alikulia mama yake Malkia Elizabeth wa Pili. Malkia alirithi jina la mama yake, na mwaka 1954, alipozuru Uganda, jina hilo likapewa mbuga ya wanyama iliyo jirani na Kasese. Basi mkazi wa Bwera aendaye mjini kwa njia ya Kikorongo hupita katika mbuga yenye jina la ukoo wa mbali, pengine asijue.

Mwisho wa safari hiyo, Kasese, lipo jumba la ukoo wa karibu: Buhikira, makao ya Omusinga wa Rwenzururu. Halina minara wala umri wa karne sita. Mwanzilishi wa enzi hiyo, Isaya Mukirane, alikuwa mwalimu. Wakonzo na Waamba walikuwa chini ya ufalme wa Toro, wakadai wilaya yao wenyewe, wakanyimwa. Tarehe 30 Juni 1962 Mukirane, pamoja na Yeremiya Kawamara na Petero Mupalya, wakatangaza kujitenga. Makao ya mfalme yakawa mlimani, penye ukungu na baridi. Alipofariki mwaka 1966, kiti kilimwangukia mwanawe Charles Wesley Mumbere, kijana mdogo bado.

Agosti 1982 Mumbere aliteremka, na silaha zikasalimishwa. Mwaka 1984 akaenda Marekani, ambako kwa miaka mingi alifanya kazi ya kuwahudumia wagonjwa na wazee, bila wenzake kazini kujua kuwa ni mfalme. Glamis, pamoja na hadithi zake zote za mizimu, haina kisa kama hicho. Serikali iliutambua ufalme mwaka 2009.

Kisha ikaja tarehe 27 Novemba 2016. Baada ya askari polisi kuuawa wilayani, jeshi na polisi walilishambulia jumba. Nyumba za nyasi ziliteketea, na katika siku hizo mbili watu zaidi ya 100 walikufa. Omusinga alikamatwa, na jumba likawa mikononi mwa vyombo vya usalama.

Glamis nayo imeyaona hayo. Mwaka 1537 bibi wa kasri hilo, Janet Douglas, alishtakiwa uhaini akachomwa moto, na Mfalme James wa Tano akalitwaa jumba. Alipokufa mfalme, ukoo ukarudishiwa mali yake. Leo watalii husimuliwa habari hiyo kisha huenda kunywa chai, kwa kuwa damu ile haina tena mjane wala yatima. Ya Kasese ina wenyewe, nao hukutana sokoni penye fungu moja la nyanya.

Mke mmoja wa askari polisi, mzaliwa wa Bwera, alipita mbele ya jumba hilo na wanawe wawili. Binamu yake aliangamia mle ndani. Mumewe alimzika rafiki wa kituo kimoja. Mtoto mkubwa, aliyekwisha kusikia mengi shuleni, aliuliza:

"Mama, sisi tulikuwa upande gani?"

Mama hakumkemea. Alimshika mkono, wakavuka barabara kwanza.

"Watu wetu walikufa ndani, mwanangu, na watu wetu walikufa nje."

"Na baba?"

"Baba yako utamwuliza mwenyewe akitoka zamu. Umpe chakula kwanza."

Mdogo, ambaye hayo hayakumshughulisha, alitaka kujua kama mfalme yumo. Mama akamweleza kwamba mashtaka yaliondolewa Juni 2023, na Oktoba ya mwaka huo Omusinga akarudi Kasese.

"Alikuja kwa miguu?" akauliza mtoto.