Taa mbili na mzee wa baiskeli

Wiki mbili zote hizi nilikuwa mzima tu, ila nilikuwa na kesi na pikipiki yangu. Kwa wageni: mimi ni mwalimu mtarajiwa wa Fizikia na Hisabati, nasoma Chuo Kikuu cha Dodoma, na wikiendi nakwenda nyumbani Buigiri kwa pikipiki aliyoniachia kaka.

Yote yalianza na mkokoteni wa punda. Mtu wa Dodoma anajua: saa mbili usiku, punda wawili, madumu ya maji, hakuna taa wala rifulekta, na mwenyewe kasinzia juu. Taa kubwa ya pikipiki yangu inakula umeme moja kwa moja kutoka kwenye koili za injini, kwa hiyo ukipunguza mafuta nayo inafifia kama kibatari. Niliwaona wale punda nimeshawafikia. Nikakwepa, nikaishia kwenye miiba. Nikaapa, bumu likitoka tu nafunga spotilaiti.

Bumu likatoka. Nikanunua taa mbili za LED, kila moja wati 18, nikazipeleka kwa fundi wetu pale nje ya chuo. Alitaka kuungia kwenye waya wa taa kubwa. Nikamwambia hapana mkuu, wati 36 kwa volti 12 ni ampia 3, tuchukue umeme wa betri na tuweke relei. Pini 30 itoke kwenye betri kupitia fyuzi ya ampia 5, pini 87 iende kwenye taa, 86 ipokee waya wa swichi, 85 iende ethi. Swichi inaamrisha tu, mzigo anabeba relei. Fundi akaniangalia, akacheka: "Kumbe mnasomaga vitu vya maana huko!" Wadau, kichwa kilivimba, sijui niseme nini.

Tukaisimamisha pikipiki kwa stendi kubwa, tukamulika ukutani, tukazilaza taa kidogo. Fundi akauliza, "Dogo, huwa unapakia?" Nikasema mara mojamoja. "Basi kamlete abiria tuziseti vizuri." Mimi nina haraka ya kwenda kuringa. Nikamlipa, nikaondoka.

Ijumaa yake nikamfuata mama Chamwino, alikuwa msibani. Akakaa nyuma, tukafunga na nusu gunia la mahindi. Barabara ilikuwa nyeupe kama mchana, nami natamba kweli kweli. Mbele ikaja baiskeli. Jamaa akainua mkono usoni, nikadhani ananisalimia, nikampigia honi kumjibu. Ndio, honi. Mama akanipiga mgongoni: "Baba, simama! Umemwangusha mtu."

Alikuwa mzee, yuko mtaroni, viganja vimechubuka, goti linavuja damu, na dumu lake la mafuta ya alizeti limepasuka. Nikasema shikamoo, maana sikujua cha kusema. Akaitikia marahaba kwanza, ndipo akaongeza taratibu: "Mjukuu wangu, mimi nimeona gari, nikalipisha. Kumbe ni wewe." Mama alimfunga goti kwa kipande cha khanga yake. Njia nzima hakuniambia neno, na mama yangu akinyamaza hivyo ni heri angegomba.

Usiku nikachukua kalamu. Kutoka ekseli ya mbele hadi ya nyuma ni kama sentimita 125. Mama na mahindi wakikaa, nyuma inashuka tuseme sentimita 4. Basi ukienda mita 50 mbele, mwanga umepanda mita 1.6 juu ya pale tulipouseti. Usoni kabisa kwa mtu wa baiskeli. Hizo ni pembetatu zinazofanana, hesabu ya Kidato cha Pili, ile ile nitakayokwenda kuifundisha kwa chaki. Na fundi aliniuliza swali lenyewe bila kalamu!

Juzi nimerudi kwake na rumeti wangu kama abiria (alidai soda mbili, mwizi yule). Tumekaa wote wawili juu ya pikipiki, ukuta uko mita 5, fundi akazilaza taa mpaka ukingo wa juu wa mwanga ukawa chini ya alama ya taa kubwa. Swichi tumeihamishia karibu na kidole gumba cha kushoto, nizime kabla sijakutana na mtu. Sasa sioni mbali kama mwanzo, lakini mkokoteni nitauona.

Mama kapiga simu leo asubuhi. Goti la mzee bado limevimba, baiskeli anaikokota tu. Jumamosi nampelekea dumu la alizeti la lita 5 na rifulekta za kubandika nyuma na kwenye pedeli. Bumu limebaki la maharage tu, kwa hiyo wale mnaonidai chipsi, subirini.