Boti, Petroli na Siri ya Baba Neema

Mwenzenu nilijiandaa kwa mambo yote ya ndoa. Mawifi, nilishaambiwa. Simu za usiku wa manane, nilishafundwa. Lakini hakuna somo hata mmoja aliyenikalisha mkekani akaniambia, "Mwanangu, siku moja utakuja kugombana na mumeo kwa sababu ya petroli ya boti."

Tunaishi Houston, Texas. Mimi mhasibu, mume wangu mtu wa kompyuta. Yeye ni mtoto wa Tanga, amekulia akiangalia ngalawa zikitoka alfajiri na kurudi jioni, kwa hiyo boti ilikuwa ndoto yake tangu enzi za kaptula. Mwaka 2021 akaipata. Futi 26, imetumika lakini inang'aa, ina kabini yenye kitanda, jiko dogo na choo ambacho mtu mwenye mwili akiingia itabidi atoke kinyumenyume. Upana wake futi 8 na inchi 6, yaani kipimo cha mwisho cha kuvutwa barabarani bila kibali maalumu. Unaipandisha kwenye trela, unaifunga nyuma ya pikapu, unaondoka nayo. Niliipenda, sikatai.

Muuzaji nilimuuliza swali moja tu: inakula kiasi gani?

"Galoni nane kwa saa," akajibu bila kupepesa macho.

Galoni ya Marekani ni kama lita 3.8, kwa hiyo ni lita 30 hivi. Nikapiga hesabu kichwani, nikaona inavumilika. Tukasaini.

Sasa ujue kitu kimoja. Morogoro tulikuwa tunamjengea mama yangu nyumba. Kuta zimesimama, bado kuezeka. Tulishakubaliana kila mwezi dola 600 zinaenda huko kwanza, kinachobaki ndiyo starehe. Kutuma ilikuwa kazi ya Baba Neema, kwa sababu fundi alikuwa anamheshimu yeye zaidi. Mimi nashika mahesabu ya kampuni za watu kutwa nzima, nikirudi nyumbani sitaki kuona namba. Hapo ndipo nilipokosea.

Jumamosi moja ya Juni 2022 tukaamua kwenda Galveston. Kumbuka mwezi ule: ndio wastani wa bei ya petroli Marekani ulivuka dola 5 kwa galoni kwa mara ya kwanza, na pampu za majini huwa juu zaidi ya zile za barabarani. Tukashusha boti Kemah. Kutoka pale hadi Galveston kwa maji ni kama maili 25. Neema tulimwacha kwa shangazi yake, tukasema leo ni sisi wawili tu. Nikabeba na pilau.

Ghuba ya Galveston ina kina kifupi, wastani wa mita mbili hivi, kwa hiyo upepo wa kusini mashariki ukivuma inachafuka haraka, mawimbi mafupi mafupi yanayogonga kama mtu anabisha hodi kwa hasira. Na upepo ulikuwa unatujia usoni. Boti ikashindwa kukimbia, Baba Neema akapunguza mwendo. Pua ikainuka juu, mkia ukazama, tukawa tunasukuma maji badala ya kuteleza juu yake. Maili 11 kwa saa, injini inalia kama inapanda mlima Kitonga.

Tulipokaribia Texas City, injini ikakohoa. Ikakohoa tena. Kimya.

Geji inaonyesha robo tanki! Kumbe matanki mengi ya boti ni membamba chini na mapana juu, hivyo robo ya geji siyo robo ya mafuta. Upande wa kulia mkondo wa meli, na tangi kubwa la mafuta linapita. Fikiria, meli imejaa mafuta, sisi hatuna hata kikombe. Tukatupa nanga nje ya mkondo, akaita msaada kwa redio. Tukaambiwa tusubiri saa mbili.

"Baba Neema, uliweka galoni ngapi?"

Kimya.

"Ishirini na tano."

"Tanki la themanini? Kwa nini hukujaza?"

"Kujaza ni zaidi ya dola mia nne, mke wangu. Ungeona kwenye kadi."

"Na safari zote zile ulikuwa unajazia kadi gani?"

Jamani, mwanamume akianza kuangalia vidole vyake vya miguu, jua kuna jambo. Alikuwa na kadi nyingine ya mkopo, sijawahi kuiona. Ilikuwa imefika dola 3,100.

"Na ya mama?"

"Mwezi wa nne na wa tano sijatuma."

Mama hakuwahi kuniuliza. Angeniulizaje? Mkwe hadaiwi. Alikuwa amekaa Morogoro na kuta zake wazi, mvua za masika zinamnyeshea tofali, na mtoto wake anakula pilau kwenye boti. Nililia mle kabini mpaka boti ya kuvuta ilipofika. Bili yake dola 740. Niliilipa mimi, kwa kadi inayoonekana.

Wiki nzima tuliongea mambo ya Neema tu. Ya nane nikanunua daftari. Nikamwambia kama tunaiuza, tunaiuza kwa ukweli, na kama tunabaki nayo, tunabaki nayo kwa ukweli. Akafunga mita inayopima mafuta yanavyopita kwenye bomba, tukatoka siku ya maji tulivu, yeye anaendesha, mimi naandika.

Polepole, maili 6 kwa saa: galoni 2.5 kwa saa. Kwenye ule mwendo wa pua juu, maili 11: galoni 11. Ikishapanda na kuteleza, maili 24: galoni 14. Mwisho wa gia, maili 36: galoni 25, na hapo ukimwangalia mwenye boti anavyotabasamu utadhani anachoma petroli ya jirani. Mafundi wana kipimo chao: injini ya petroli inakula takriban galoni moja kwa saa kwa kila nguvu za farasi 10 inazotoa. Yetu ni ya 300.

Halafu nikagundua kitu kilichonikera kuliko vyote. Yule muuzaji hakudanganya! Saa ya injini inahesabu hata ukiwa unanguruma taratibu kutoka magatini, hata ukiwa umesimama unasubiri watu washuke. Changanya saa hizo na saa za mbio, wastani unatoka nane. Nilipaswa kuuliza maili ngapi kwa galoni. Jibu: maili 2.4 ukiwa mpole, 1.7 ukiteleza, na 1 tu kwenye ule mwendo wa kati tulioukazania siku ile. Na hapo hujajaza tanki la maji la galoni 20, ambalo peke yake lina kilo 75, wala hujapakia marafiki na spika zao.

Kwenye ukurasa wa pikapu nikakuta jingine. Ikiwa tupu inakwenda maili 17 kwa galoni, ikivuta boti inashuka mpaka 9. Ni uchungu, lakini bado 9 ni zaidi ya 1.7. Kemah hadi Galveston kwenda na kurudi kwa maji ni galoni 29 hivi ukiteleza. Kuivuta kwa barabara hadi Galveston kwenyewe kunatuongezea galoni 6 tu, tunaishusha pale pale tunapotaka kuwa. Sasa trela lina faida gani kama hulitumii?

Hatukuiuza. Tunatoka mara moja kwa mwezi, tanki theluthi ya kwenda, theluthi ya kurudi, theluthi haiguswi. Ile kadi ilikwisha baada ya miezi kumi na moja, niliikata kwa mkasi wa jikoni. Kutuma hela Morogoro kumehamia kwangu. Kumwamini tena kulichukua muda mrefu kuliko deni, na kuna miezi nilikuwa napekua mifuko ya suruali zake kama polisi wa forodha. Alikuwa anajua, akawa ananiachia risiti zimenyooshwa juu ya meza.

Bati lilipanda Desemba ile ile. Mama alinipigia usiku mvua inanyesha, hakusema kitu, aliisogeza tu simu juu nisikie.

Jumamosi iliyopita tulikuwa Galveston, tunakwenda maili 6, Neema amelala kabini. Baba Neema akasoma mita mwenyewe, akaniletea daftari.

"Andika, Mama Neema. Tisa nukta nne."

"Siku nzima?"

"Siku nzima."

Nikaandika. Halafu nikainuka nikaenda kuisoma mita mwenyewe. Ilikuwa tisa nukta nne.