Ufa Unaoanzia Chini

Usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii tumeikariri tangu shule ya msingi, lakini nahisi aliyeitunga hakuwahi kujenga kwenye udongo wa mbuga. Kwetu Shinyanga ufa hauanzii ukutani. Unaanzia chini.

Udongo huu mweusi ni mfinyanzi. Mvua ikinyesha unakunywa maji na kuvimba. Kiangazi unasinyaa na kupasuka mpaka mkono unazama kwenye nyufa zake. Mpunga unaupenda. Nyumba, hapana. Tena kibanda chepesi ndicho huonewa zaidi, maana hakina uzito wa kuukandamiza udongo unapoinuka.

Mama yangu, mwalimu mstaafu, alitaka chumba cha vitabu pale bustanini, watoto wa mtaani waje kusoma. Fedha ilikuwa salio la kiinua mgongo chake, basi. Fundi akaweka njia tatu mezani. Ya kwanza, msingi wa mawe wa futi mbili: bei nafuu, ila unakaa ndani ya udongo ule ule unaocheza. Ya pili, kuondoa udongo mweusi wote hadi kwenye ardhi ngumu, kisha kujaza moramu na kuishindilia tabaka kwa tabaka. Ya tatu, jamvi la zege lenye nondo, ili chumba kikiinuka kiinuke kizima kizima, kama mtumbwi majini.

“Mwalimu, kwa hela hii ni ile ya kwanza tu,” fundi akasema.

“Ya kwanza inanipa chumba cha ukubwa gani?”

“Futi 12 kwa 16.”

“Na jamvi?”

Fundi akakuna kichwa. “Labda 10 kwa 10.”

“Basi 10 kwa 10.”

Nikamuuliza vitabu vitakaa wapi. “Mwanangu, vitabu vinapangwa hadi juu. Ukuta ukipasuka utaupanga wapi?”

Jamvi peke yake halikumaliza kazi. Adui hasa ni udongo kulowa upande mmoja na kukauka upande mwingine. Kwa hiyo maji ya bati yakawekewa mfereji wa kuyapeleka mbali, na mche wa mwarobaini ukahamishwa, kwa kuwa mizizi nayo hufyonza.

Watoto sasa wanaingia kwa zamu, wengine wanasubiri nje na vitabu mapajani. Nami nikimwona mtu anapiga lipu ufa ule ule kila mwaka, simtajii methali. Namuuliza maji ya bati lake yanakwenda wapi.