Lafudhi za Kenya: Kutoka Lamu Hadi Kisumu

Mwenyezi Mungu, katika Sura ya Ar-Rum, aya ya 22, ametaja kutofautiana kwa lugha zetu na rangi zetu kuwa ni miongoni mwa ishara Zake, pamoja na kuumbwa kwa mbingu na ardhi. Aya hii twaisoma mara nyingi, lakini ni wachache wanaokaa wakaizingatia. Basi, ndugu wasomaji, atakaye kuisikia ishara hiyo kwa masikio yake mwenyewe, nafunge safari katika nchi ya Kenya, kutoka Lamu mpaka Kisumu. Hesabu ya watu ya mwaka 2019 iliwakuta wakazi zaidi ya milioni 47, nao wana lugha zaidi ya 40. Katiba ya mwaka 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na katika lugha hiyo wote hukutana. Ila kila mmoja huja na ulimi wake.

Sisi tulianzia Lamu. Huko wenyeji husema "moya" mahali pa "moja", "kuya" mahali pa "kuja", na macho huyaita "mato". Tuliposhuka Mombasa tulikuta "moja" imerudi, lakini "mato" yapo vile vile, na anayeitwa huambiwa "ndoo" wala si "njoo". Njia ni "ndia", na nchi ni "nti". Tena wenyeji wa pwani hii wana pumzi katika herufi ambayo maandishi yetu hayaionyeshi. Mwambie mzee wa Mji wa Kale atamke "paa" la nyumba, kisha atamke "paa" wa porini. Huyu wa porini hutoka na pumzi nyingi, na yule wa nyumba hutoka mkavu. Mgeni wa bara husikia neno moja. Mwenyeji husikia mawili, wala hachanganyi.

Yafaa tukumbuke hapa ya kuwa Kimvita na Kiamu si Kiswahili kilichoharibika. Ndizo lugha za washairi wakubwa. Muyaka bin Haji aliyatunga mashairi yake kwa Kimvita. Lakini mwaka 1928 ulifanyika mkutano hapo hapo Mombasa, na Kiunguja cha mjini kikachaguliwa kuwa Kiswahili cha vitabu na shule, kwa kuwa misafara ya biashara ilikuwa imekwisha kukisambaza mbali barani. Mwaka 1930 ikaundwa kamati ya kulisimamia jambo hilo. Hatusemi uchaguzi ule ulikuwa mbaya, maana nchi nyingi zilihitaji kitabu kimoja. Lakini tangu hapo mtoto wa Mombasa akiandika "ndia" katika daftari lake hutiwa alama ya kosa, ilhali neno hilo amelirithi kwa bibi yake na bibi wa bibi yake. Tazameni basi: hata mwenye lugha aweza kuambiwa kwamba hajui lugha.

Tukapanda gari la moshi la njia mpya iliyofunguliwa mwaka 2017. Kufika Mtito Andei tulikuwa tumekwisha kuingia nchi ya Wakamba. Lugha ya Kikamba kwa asili haina sauti ya "r", na kwa hiyo mzee wa huko, akikuonyesha barabara, aweza kukuambia "balabala". Mbele kidogo, ukikaribia Mlima Kenya, wako Wakikuyu, nao ni ndugu wa karibu wa Wakamba kwa lugha. Lakini wao ndio wasio na "l". Kwao mwalimu huwa "mwarimu", na kulala huwa "kurara". Ndugu hawa wawili, mmoja amekosa alichobaki nacho mwenziwe, na kila mmoja humcheka mwingine. Kama wangekaa wakapima, wangeona kwamba aliyecheka na aliyechekwa wako sawa.

Nairobi ndipo ndimi zote zinapomiminika. Katika mtaa wa Eastleigh tulisikia Kiswahili cha Wasomali. Kisomali hakina "p", kwa hiyo pesa zaweza kuwa "besa", na polisi akawa "bolisi". Wapo kule Kibra Wanubi, wajukuu wa askari waliotoka Sudani, ambao lugha yao asili yake ni Kiarabu, lakini Kiarabu kilichokwisha kuacha sauti nyingi za kooni. Kutoka hapo njia hupita Nakuru na Kericho, katika nchi ya Wakalenjin, ambako "g" na "k" hazitenganishwi kama tunavyozitenganisha sisi, na gari laweza kuwa "kari". Mwisho ni Kisumu, kando ya ziwa. Kijaluo hakina sauti ya "sh". Shamba huitwa "samba", na shule huwa "sule".

Je, sababu ya yote haya ni nini? Si uzembe, wala si upungufu wa akili. Mtoto mchanga huzaliwa akiwa tayari kujifunza sauti za lugha yoyote. Kabla hajatimiza mwaka mmoja, sikio lake huanza kuzishika sauti za mama yake na kuziachia zile ambazo hazisikii nyumbani. Akija kujifunza lugha nyingine ukubwani, ulimi huizoea njia ya zamani, kama maji yanavyofuata mfereji uliochimbwa kale. Kwa hiyo lafudhi ya mtu ni khabari ya kwao na ya mama yake. Anayeicheka, hamcheki yeye peke yake.

Na sisi watu wa pwani tusijione tumesalimika. Waarabu wana herufi tatu mbali mbali, dhali, dhadi na dha. Sisi tumezichukua zote tukazitia katika "dh" moja: tunasema "dhahabu", "dhaifu" na "dhuluma" kana kwamba zimetoka kisima kimoja. Herufi ya ayni tumeiacha njiani kabisa. Mwarabu naye, pamoja na ufasaha wake, hana "p", na Pakistani kwake ni "Bakistani". Hapana kabila lisilo na lafudhi; lipo tu lile lisiloisikia ya kwake.

Jambo hili si la mzaha mtupu. Mwanafunzi akichekwa mara mbili tatu darasani hunyamaza, na aliyenyamaza hajifunzi tena. Na mwishoni mwa mwaka 2007 na mwanzo wa 2008, baada ya uchaguzi, Kenya iliona jirani akimgeukia jirani yake kwa sababu ya kabila, na watu zaidi ya 1,000 wakauawa. Dhihaka peke yake haikuleta msiba ule. Lakini aliyezoezwa tangu utotoni kumwona mwenziwe kuwa ni kichekesho, ni rahisi kwake kumwona baadaye kuwa ni adui. Ndiyo maana Sura ya Al-Hujurat, aya ya 11, imewakataza watu kuwadharau watu wengine, kwani huenda hao wakawa bora kuliko wao.

Wako watakaouliza: Je, tusisahihishe? La, kusahihisha ni wajibu, hasa katika kisomo cha Qurani, ambako kila herufi ina haki yake na mahali pake pa kutokea. Lakini mwalimu mwema husahihisha akiwa karibu na mtoto, kwa sauti ya chini, na humngoja. Bibi Aisha, Mungu amwie radhi, amepokea kwa Mtume, rehema na amani zimshukie, kwamba anayeisoma Qurani kwa taabu, huku ulimi wake ukikwama, ana malipo mawili. Ikiwa Mola amemlipa aliyekwama mara mbili, ni nani sisi hata tumcheke?

Kadhalika imepokewa ya kuwa Sayyidna Umar alimsikia Hisham bin Hakim akisoma Sura ya Al-Furqan kwa namna asiyoijua, akamkamata nguo na kumpeleka kwa Mtume. Mtume akamwamuru amwachilie, akawasikiliza wote wawili, akasema kila mmoja amesoma kama ilivyoteremshwa. Khabari ile ni ya wahyi, si ya lafudhi, lakini adabu yake yatufaa sote: kusikiliza kwanza, kuhukumu baadaye.

Basi enyi wazazi, mtoto wenu akirudi nyumbani akimwigiza jirani anavyosema, msicheke naye. Mwulizeni jirani huyo katoka wapi, na kwao neno hilo husemwaje. Nanyi vijana, mkisafiri, fungueni masikio kabla ya kufungua vinywa. Nchi iliyo na lafudhi nyingi ina ishara nyingi, na ishara huwekwa ili izingatiwe.